Mshambuliaji Aliyeshika Gongo

Alhamisi, 3 Julai 2025

Nimesaini! Mimi, Optatus Likwata, mfungaji bora wa chuo chetu cha ualimu, leo ni mchezaji wa kulipwa. Si wa soka. Wa besiboli! Mzee Akberali, mwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa Lindi, ameanzisha timu, na mwanawe Aqeel ndiye kocha. Aqeel aliuliza kama nimewahi kuucheza mchezo huu. Nikamwambia mpira ni mpira. Akanitazama muda mrefu. Heshima hiyo.

Jioni nikamtangazia Shangazi Romana, ninayekaa kwake Mtanda, kwamba nitalipwa kwa kushika gongo. Akaangusha mwiko. Akasema ukoo wetu haujawahi kuwa na mpika pombe haramu, na kesho ananipeleka kwa padri. Ikabidi nimwonyeshe kwa ufagio kwamba ni gongo la kupigia mpira. Chupa ya chai imevunjika. Kuelewa, ameelewa.

Ijumaa, 4 Julai

Mazoezi. Kimpira chenyewe kidogo, kigumu kama jiwe. Anayetupa ni Kondo wa Mchinga, mwembamba, hana maneno mengi. Katupa, nimepiga upepo. Katupa tena, upepo. Lakini nimeupiga kwa nguvu, kila mtu kaona! Kondo akanishauri nitazame mpira badala ya watazamaji. Wivu.

Baba kapiga simu kutoka Kiranjeranje. Yeye na wazee wa kijiji wamekodi basi la Kosta, wanakuja Jumatatu kuniona nikicheza dhidi ya Kilwa Masoko. Kashanunua na kanzu. Hapo hapo Aqeel akatangaza kwamba Amiri, mpigaji mwenzangu, ndiye atakayeanza. Mimi benchi! Kosta nzima ije kutazama benchi?

Jumapili, 6 Julai

Nimetoka Misa na wazo. Nimempigia Amiri nikamwambia mechi imehamishiwa Mchinga. Akanishukuru, akaniita kaka. Moyo uliniuma kidogo. Nikala, ukatulia.

Jumatatu, 7 Julai

Siku kuu ya maisha yangu!

Amiri hakuonekana. Aqeel akanuna, akaniingiza. Wazee wa Kiranjeranje walikuwa upande wa kushoto, na ngoma. Mpira wa kwanza, upepo. Wa pili, upepo. Nikamwona Baba amesimama na kanzu mpya. Nikafumba macho nikapiga.

Paa! Mpira ukapaa, ukaruka ukuta, ukapotelea kwenye minazi! Hapana, nitakuwa mkweli: haukufika ukuta. Lakini ulikwenda mbali kuliko mpira wowote wa siku ile. Watu wote wakapiga kelele nikimbie. Nikakimbia. Nikavua jezi, nikaizungusha, nikaenda moja kwa moja kwa wazee wangu. Ngoma ikalipuka. Baba akanikumbatia huku analia, akisema, “Mwanangu, umewaacha wote!”

Nilikuwa nimewaacha kweli. Kituo cha kwanza, ambacho mpigaji lazima akikimbilie, kipo kulia. Mwamuzi akanitoa, tukafungwa. Wazee wa Kiranjeranje, kwa kuwa hakuna aliyezijua sheria, wakanibeba mabegani kuzunguka uwanja. Hata wa Kilwa walipiga makofi.

Ndipo Amiri akashuka kwenye Hiace ya Mchinga, amejaa vumbi, anauliza mechi iko wapi.

Jumanne, 8 Julai

Nimeitwa dukani. Nikampa Mzee Akberali shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua macho. Aqeel akasema mkataba umekwisha, na nimwombe Amiri radhi. Nimemwomba. Akauliza ningejisikiaje kama ningekuwa mimi. Nikasema ningeshukuru, kwani Mchinga kuna madafu mazuri. Hakucheka.

Kondo akanisindikiza hadi mlangoni. Akasema pigo lile lilikuwa la kweli, nikae mwaka mmoja nijifunze, nitakuwa mchezaji. Maskini, anajifariji. Nimestaafu nikiwa juu.

Alhamisi, 10 Julai

Mungu hamtupi mja wake! Mwalimu Monika, jirani ya Shangazi, anatafuta mtu wa kuwafundisha wanafunzi wake kuogelea. Akataka kujua uzoefu wangu. Nikamweleza kwamba bahari nimeitazama miaka mingi, na sijaona ugumu wowote. Akafurahi sana.

Tunaanza kesho, maji yakijaa. Wanafunzi watapanga mstari gatini. Nimesisitiza mwalimu wao wa kuogelea, yaani mimi, ndiye aruke wa kwanza, pale penye kina, ili waone inavyofanywa.