Golf Nyekundu ya Mama Aika

Wakuu, leo nimepatikana. Nimepatikana mchana kweupe, Mchafukoge hapa Dar, mbele ya umati niliouita mwenyewe. Nawaandikia nikiwa ndani ya Passo yangu, vioo nimepandisha, jasho linatiririka, na kushuka siwezi kwa sababu wauza mikoba bado wananionyeshana kwa vidole.

Mnanijua humu kwenye grupu. Mimi ndiye mnayemwita Profesa. Mtu akiuliza jambo kuhusu Golf GTI, kabla hajamaliza kuandika nimeshamjibu. Toleo lipi lilikuwa na taa mbili, lipi taa nne, lipi lilileta turbo. Matoleo yote manane nayajua. (Kuyajua. Sikusema kuyamiliki. Kuendesha nimeendesha moja, ndani ya geti la shemeji yangu, gia ya kwanza tu.)

Sasa, kuna mama mmoja Mchafukoge anauza vitenge, duka chini, nyumbani juu. Anaitwa Mama Aika, Mchaga wa Machame, mjane. Marehemu mume wake alikuwa wakala wa kutoa mizigo bandarini, na enzi hizo alinunua GTI toleo la pili kwa mzungu aliyekuwa anarudi kwao. Nyekundu. Akaitunza mpaka anafariki mwaka jana. Rafiki yangu akanitumia picha, akaniambia mama anaiuza.

Toleo la pili, jamani. Siku hiyo hata chakula hakikupita.

Tulikuwa wateja wawili. Mimi, na muuza spea mmoja wa mtaa wa Gerezani ambaye alitaka kuifumua auze kipande kimoja kimoja. Bei mama alishaitaja na wote tulikubali. Lakini kwenye simu aliniwekea sharti. Alisema miaka yote aliyokaa na mume wake hakuwahi kuelewa kwa nini aliipenda ile gari namna ile, na yeye anataka kuelewa kabla haijaondoka. Nikimwelewesha, ni yangu. Nikishindwa, Gerezani.

Wakuu, mtu ananiomba nieleze GTI. Mimi. Nililala nikitabasamu.

Leo asubuhi nikapiga pasi shati. Nikafika Mchafukoge na Passo yangu (ya rangi ya waridi, niliikuta hivyo hivyo, tuliache hilo), nikaiegesha ng'ambo ya barabara nyuma ya Fuso lililokuwa linashusha marobota. Nikazunguka kuhakikisha haionekani. Profesa hawezi kufika kununua GTI na Passo ya waridi. Mama aliponiuliza nimekuja na usafiri gani, nikamwambia nimeshukia Kariakoo nikatembea. Akanihurumia kwa jua, akanipa maji. Nikayanywa, na uongo wangu.

Gari ilikuwa kando ya duka, nyuma yake imesogezwa mpaka ukutani, juu ina turubai. Mama akavuta turubai. Nikanyamaza, na wanaonijua wanajua hilo halitokei. Nyekundu yake bado nyekundu. Taa nne za mviringo, ule mstari mwekundu kuzunguka grili, viti vya kitambaa havijatoka hata uzi. Nikagusa paa kwa kidole kimoja. Mama akakohoa. Nikaondoa kidole.

"Haya, baba," akasema, "nieleweshe. Aika alimsihi baba yake anunue mpya, akakataa. Mashemeji walimcheka. Kwa nini hii?"

Nikaanza mwanzo. Nikamwambia toleo la kwanza lilikuwa jepesi, unagusa mafuta umeshafika, ila mkiingia wanne mmoja lazima anune. La tatu lilinenepa, likabaki na jina la mbio na mwili wa kamati ya harusi. La nne lilipata ndani pazuri kuliko sebule yangu, likasahau kukimbia. La tano likatubu, likarudi na turbo. (Humu mnajua nimelitetea la tano mpaka nikatolewa kwenye grupu siku nzima.) La sita ni la tano limenyoa ndevu. La saba limekamilika kila kitu, hata huna la kulisimulia. La nane unapapasa kioo kama simu ili upunguze baridi.

"Na hili?" akauliza.

Hapo nikalisaliti toleo la tano. Nilikuwa naitazama ile gari na nikajua kwamba miaka yote nimekuwa nikibishana bure. Nikamwambia la pili ni kubwa kiasi cha kubeba familia, lakini ukifungua boneti unaona kila kitu, hakuna kilichofichwa. Ukikanyaga inaenda, ukikata kona inakata. Nikamwambia mtu anayeshinda bandarini akifuatilia mizigo ya watu, ofisi hii mpaka ile, nadhani alikuwa akija kupumzika humu ndani.

Mama akashika upindo wa kitenge chake akawa anaukunja.

"Alikuwa anasema kazini kila kitu ni njoo kesho," akasema. "Hii haijawahi kumwambia njoo kesho."

Macho yake yalijaa maji, na yangu pia, sifichi. Akatoa simu, akampigia yule wa Gerezani asijisumbue. Akaniwekea ufunguo kiganjani. Akasema anapanda juu kuzima maharage na kuchukua kadi ya gari ndipo nimlipe, mimi nibaki niiangalie isiguswe na mtu.

Isiguswe na mtu. Nilisikia vizuri. Kazi yangu ilikuwa kusimama tu, mikono mfukoni. Hata nguzo ya umeme inaiweza.

Lakini mama ana goti, ngazi anapanda kwa vituo, na mimi nina mdomo. Muuza kofia mmoja akapita, akasimama, akauliza hii ni gari gani. Nikaanza upya, toleo la kwanza, safari hii kwa sauti. Akaja mwingine. Wakaja wabeba mizigo wakatua mizigo. Wakasimama mbele ya boneti wamejazana, na mimi katikati nimeshika ufunguo juu kama padri ameshika kikombe. Muuza kofia akasema yeye anasikia la tano ndilo lenyewe. Wakuu, nilimshukia huyo mtu kwa hoja ambazo mwezi uliopita mlikuwa mnanipa nyinyi.

Katikati ya hoja ndio nikaona vioo. Vyeupe. Havina hata herufi moja. Nyote mnajua gari ya Dar ilivyo: namba imechorwa kwenye kioo cha mbele, milangoni, vioo vya pembeni, mpaka taa, ili mwizi aking'oa asipate pa kuuza. Hii haina. Nikaingiwa na huruma. Nikajisemea maskini Baba Aika, kafariki hata hajaandikisha namba, na mama wa watu hajui mambo haya. (Hajui. Mfanyabiashara wa Mchafukoge. Hajui.)

Na nani anapita wakati huo? Shomari, fundi wa kuandika namba, yuleyule aliyeniandikia Passo, begi lake begani. Nikaona ni Mungu. Nikamwita, nikamwambia andika kila mahali. Nilitaka mama ashuke akute tayari gari imelindwa, ajue amempa mtu anayejali.

Shomari akauliza namba. Ya nyuma ilikuwa imebanwa na ukuta. Ya mbele ilikuwa imezibwa na miguu ya wasikilizaji wangu. Mimi nilikuwa namweleza muuza kofia habari za turbo, na nilikuwa karibu nimshinde. Nikamtajia Shomari namba bila kugeuka, kwa ufasaha, kama mtu anavyotaja jina lake. Akaanza kazi.

Shomari hana mzaha na kazi. Kioo cha mbele, cha nyuma, milango yote, vioo vya pembeni, taa zote nne akipenyeza mkono kati ya miguu ya watu. Alipomaliza nikamlipa, nikamsifu, nikamwomba asimame hapo mama aje amwone.

Mama akashuka. Mkono mmoja kadi, mkono mwingine chupa ya chai, na vikombe viwili vinaning'inia kidoleni. Na lile goti. Alikuwa ameniletea chai.

Nikatangulia kusema, kifua mbele. "Mama, nimekuandikishia namba. Gari nzima. Hakuna mwizi atakayeigusa."

Akaiweka chupa chini, taratibu. Akasogea mlangoni akapitisha kidole juu ya kioo, pale palipochorwa. Akakirudisha kidole, akakipitisha tena.

"Baba Aika alikuwa anafuta hivi vioo kwa gazeti," akasema. "Kitambaa alisema kinashika mchanga. Kila fundi aliyetaka kuandika alimfukuza. Alisema nikikaa pembeni yake nitazame nje, nisisome namba."

Nilitamani ardhi ipasuke. Shomari akaanza kufunga begi bila kuniangalia. Na hapo, wakuu, bado sijaumbuka. Hapo nilikuwa nimeumiza mtu tu.

Mama akavaa miwani yake. Akasoma kioo. Akainama, watu wakampisha, akasoma namba iliyoko mbele ya gari. Akarudi kwenye kioo.

"Na hii namba ni ya nani?"

Nikasogea. Nikasoma. Damu ikanishuka mpaka kwenye soksi. Ile namba naijua. Ndiyo ninayowatajia watu wa maegesho kila siku, na mlinzi wa kazini, na getini kwa mama mkwe. Naijua kuliko siku ya kuzaliwa ya mke wangu. Shomari akajitetea kwamba yeye ameandika aliyotajiwa, na alisema kweli.

Nikafungua mdomo niseme sijui ni ya nani. Naapa nilikuwa nakaribia kusema hivyo. Ndipo ng'ambo ya barabara Fuso likawashwa. Likatoa moshi. Likaondoka, polepole, bila haraka yoyote, marobota yote yameshashushwa.

Passo yangu ikabaki peke yake juani. Ya waridi. Nimeiosha jana, inang'aa, namba yake inatutazama. Na kwenye kioo chake cha mbele, mwandiko uleule wa Shomari.

Muuza kofia akaisoma kwa sauti, herufi moja moja. Akageuka akasoma kioo cha GTI. Akanigeukia mimi. Nikajua turbo zote nilizompa anakuja kunirudishia.

"Kaka," akasema, "na lile ni toleo la ngapi?"

Watu walicheka, jamani. Mbeba mizigo mmoja alikaa chini. Kuna mwanamke alishikilia boneti ya GTI ili asianguke, na hata mama hakumkataza. Mimi nilisimama pale na ufunguo wangu, sina pa kuuweka uso.

Mama Aika peke yake hakucheka. Hilo ndilo linaloniuma mpaka sasa. Angecheka, au angenitukana, ningelala leo. Nikamwomba radhi. Nikamwambia nitatafuta vioo vingine, hata kwa kuagiza nje.

"Hivyo vingine hakuvifuta yeye," akasema.

Akanyoosha mkono. Nikampa ufunguo. Nikauliza, kwa sauti ndogo, kama sasa atampa yule wa Gerezani. Akasema hampi, na mimi hanipi. Akafungua mlango, akavuta kiti mbele, akakaa kwenye usukani. Nikadhani anataka tu kukaa humo kidogo. Kisha akaongea, nadhani na mimi, ila alikuwa anaangalia dashibodi.

"Mimi naendesha Noah ya mizigo kila siku, ila hii sijawahi kuiendesha. Akiwa hai niliogopa nitaikwaruza. Alipoondoka nikaogopa zaidi, ndio maana nikaona bora niiuze. Haya, imeshakwaruzwa."

Akawasha. Ikawaka mara moja, haikumwambia njoo kesho. Akanyoosha mkono niokote chupa ya chai, nikampa, na vikombe vyote viwili, akaviweka kiti cha pembeni. Kwa hiyo hata pembeni pakawa pamejaa.

"Trafiki wakinisimamisha," akasema, "nitawapa simu yako uwaeleze matoleo."

Akaondoka kuelekea Mnazi Mmoja. Taratibu kwanza. Halafu kwenye kona nikasikia amekanyaga, na ule mlio, wakuu, ule mlio miaka yote nimeusikia kwenye video tu. Kioo cha nyuma kikawa kinakwenda na namba yangu, imenyooka, inasomeka vizuri kabisa, Shomari ana mkono.

Nimefurahi kwa ajili yake. Kweli nimefurahi. Ila nilikuwa na ufunguo mkononi. Niliambiwa nisimame tu, nikashindwa kusimama. Nimejifunza matoleo manane, halafu mwenye gari akaniambia neno moja na hilo sikulishika.

Basi nawaomba. Mkikutana mjini na Golf nyekundu, mama wa miwani kwenye usukani, mbele imesajiliwa hivi na vioo vinasema vingine, msipige picha mkaniletea humu. Mpisheni apite. Namba ni yangu. Gari si yangu.