Wanachama Mia Tatu na Kumi na Wawili

Jumatatu, 2 Machi

Leo nimekuwa mwanasiasa tena. Mara ya sita. Bi. Joan, mratibu wa Chama cha Birika, amenipigia simu kutoka Nakuru. Uchaguzi mdogo wa wadi yetu ni mwezi ujao. Atakayeleta wanachama mia tatu kufikia Jumatano ndiye mwenyekiti wa tawi hapa Subukia. Kiti cha mbele jukwaani! Muhuri wa chama! Nimekuwa nikigonga meza kwa kiberiti, najizoeza.

Kikwazo ni Ngigi, jirani yangu mwenye agroveti, duka la dawa za mifugo. Yeye anasajili watu wa Chama cha Shoka. Ndiye aliyenishinda uenyekiti wa josho la ng'ombe kwa kura moja. Kura hiyo ilikuwa yangu. Nilidhani alama ya X unamwekea yule usiyemtaka.

Nimezunguka kutwa na fomu. Wanachama: wanne. Mmoja alidhani anaandikisha mbolea ya serikali. Sikumsahihisha. Mzee Kiarie, mfuga mbuzi, alinisimamisha dukani mbele ya watu.

“Kang'ethe, wewe unabadilisha chama kuliko mimi ninavyobadilisha shati.”

Shati lake nalijua tangu mwaka juzi. Hata hivyo niliinamisha kichwa.

Nyumbani habari njema. Wamaitha, mke wangu, ameitwa mahojiano ya ukarani wa uchaguzi, Alhamisi. Tangu shule yake ya chekechea ifungwe, miaka minne sasa, hakuna aliyemwita mwalimu. Karani huvaa kizibao chenye maandishi mgongoni. Watu wazima humpangia foleni. Tayari amepiga pasi sketi ya buluu, siku tatu kabla. Sharti kubwa ni kwamba usiwe mwanachama wa chama chochote. Alicheka, akasema hilo ni rahisi, nyumba hii ina mwanasiasa mmoja na huyo mmoja amezidi.

Jumanne, 3 Machi

Nimepata wazo. Sijui kwa nini lilichelewa hivi.

Mimi ni katibu wa kituo cha maziwa. Ninalo daftari la wafugaji: jina, namba ya kitambulisho, namba ya simu, vyote vimenyooka. Watu mia tatu na wanane. Ukiongeza wanne wangu wa jana, mia tatu na kumi na wawili. Nikajiambia: watu wanaoamka pamoja saa kumi na moja kila asubuhi na kumimina maziwa yao kwenye tangi moja, hao si wameungana tayari? Chama kinakuja kuwatambua tu.

Nimejifungia sebuleni nikanakili kutwa nzima. Sahihi nimeweka kwa mkono wa kulia, halafu wa kushoto, kalamu nne tofauti. Wazee wasioandika hupiga dole gumba, kwa hiyo nimetumia wino. Vidole vyangu vya mikono vilikwisha nikiwa bado na wazee kumi. Nikavua soksi.

Wamaitha akaingia kuchukua pasi, akanikuta mguu uko mezani. Nikamwambia nimechomwa na mwiba. Akaniletea sindano na maji ya chumvi. Nilijitia kuchokora. Mwanamke mwema sana.

Jumatano, 4 Machi

Fomu zimefika Nakuru asubuhi. Kufikia saa kumi zote zilikuwa ndani ya kompyuta. Chama hakijawahi kufanya kazi haraka namna hii. Bi. Joan aliniita Mwenyekiti mara mbili. Ya pili nilijifanya sikusikia, ili airudie.

Alhamisi, 5 Machi

Naandika huku naona aibu kuishika kalamu.

Wamaitha alijibu maswali yote vizuri. Ofisa akamwambia hongera mwalimu. Akamwita mwalimu! Halafu akaingiza namba ya kitambulisho chake kwenye kompyuta, akasoma. Mwanachama wa Chama cha Birika, tangu jana. Wamaitha akasema hajajiunga na chochote. Yule ofisa akamgeuzia kioo, kwa upole, ajisomee mwenyewe. Watu arobaini kwenye viti wakawa wanamtazama. Ofisa akamwambia akileta barua ya kujiuzulu yenye muhuri wa chama kabla ya orodha kufungwa, atafikiriwa.

Ng'ombe ni wake. Alikuja nao. Jina kwenye daftari la maziwa ni lake, mimi kazi yangu ni kubeba mtungi. Nilinakili namba 187 kama nilivyonakili namba 186.

Amerudi na kukaa jikoni na ile sketi, akamenya viazi bila kuviangalia. Amesema ni kazi ya Ngigi. Ngigi amemwingiza chama changu makusudi ili ionekane ni mimi. Hapo ndipo ningesema. Kinywa kilifunguka kabisa. Kilichotoka ni kwamba Ngigi ni mtu mbaya.

Akaniongezea mchuzi.

Ijumaa, 6 Machi

Kituo cha maziwa, alfajiri. Wamaitha alikuja mwenyewe, akapita foleni yote hadi alipokuwa Ngigi, akamwambia yaliyo moyoni. Ngigi akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akatoa simu yake, akamwonyesha jina lake kwenye tovuti ya msajili wa vyama. Yeye pia ni wa Birika! Chama cha Shoka kilikuwa kimemfukuza jana jioni kwa usaliti. Kwa kweli nilikuwa nimesahau kwamba Ngigi naye hukama.

Kila mtu akachomoa simu. Chepngeno, aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni, yumo. Mchungaji wa kanisa, yumo. Mama wa Chepngeno ambaye hana hata simu, yumo. Mzee Kiarie, aliyekuwa akipita na mbuzi wake, akatafutiwa jina, hayumo. Akalalamika kwamba wafuga mbuzi siku zote huachwa nyuma.

Wamaitha alikuwa amesimama na mtungi. Nilimwona akihesabu watu kwa macho. Wote waliomo ni wa kituo hiki. Asiyekamua hayumo. Akaniangalia mimi, akaangalia daftari lililo kwapani mwangu, akaangalia gambuti zangu.

Aliniita kwa jina la binti yetu, bila kupaza sauti. “Baba Nyokabi, vua soksi.”

Nilisema kuna baridi.

“Vua.”

Nikavua. Siku tatu nimeoga lakini ule wino si wa kawaida. Vidole kumi, buluu, mbele ya wafugaji wa bonde zima. Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka. Ngigi ndiye aliyeniokotea soksi.

Jumamosi, 7 Machi

Kuanzia saa mbili boma langu limejaa. Wamekuja kujiuzulu. Ngigi amechapisha barua kwenye agroveti yake na kuzigawa bure, mtu anajaza jina tu. Foleni imezunguka zizi la ndama hadi barabarani.

Saa tano likaingia gari la Bi. Joan. Aliona foleni, akashika kifua. Akasema kaunti nzima hajaona tawi ambalo wanachama husimama juani na kalamu zao wenyewe. Akapiga picha. Ngigi akamweleza kwa heshima kwamba mama, hawa wanatoka. Bi. Joan hakushtuka. Akawashukuru kwa kutumia haki yao ya kidemokrasia, akakusanya barua zote kwenye gunia, akalitia kwenye buti. Halafu akanivuta kando.

“Mwenyekiti, barua isiyo na muhuri ni karatasi tu. Hizi zitakaa hapa mpaka tumalize uchaguzi. Huko juu tunahesabiwa kwa majina, hatuhesabiwi kwa mioyo.”

Akanikabidhi muhuri. Mzito kuliko nilivyofikiria.

Barua ya Wamaitha nilikuwa nimeificha kwenye koti. Niliigonga mara tatu, kwa usalama. Zile nyingine zilikuwa mbele yangu kwa dakika kumi nzima, buti wazi, muhuri mkononi. Sikugonga hata moja. Ningezigonga, ningekuwa mwenyekiti wa nani? Nikasimama kwenye lango nikiwapungia watu mkono. Mama wa Chepngeno alinibariki. Ngigi alinishukuru kwa kuwa mvumilivu. Wote wameenda nyumbani wakijua wametoka.

Jumatatu, 9 Machi

Tulifika ofisini mlango haujafunguliwa. Ofisa akasoma barua, akasema iko sawa kabisa. Ila orodha ilifungwa Ijumaa jioni. Nafasi amepewa Cheptoo, aliyemfuata kwa alama.

Wamaitha akamwambia asante. Tulitembea hadi karibu na nyumbani. Nilikuwa nimeandaa maelezo, yenye sehemu tatu. Kwenye daraja akasimama.

“Ungeniuliza, ningekuja chama chako. Miaka ishirini na sita na hujawahi kuniuliza niko upande gani.”

Maelezo yangu hayakuwa na sehemu ya hapo. Nilimbebea mkoba. Alikuwa amebeba kalamu mbili mpya.

Alhamisi, 12 Machi

Sketi imekunjwa, imerudi sandukuni. Wamaitha ananisalimia vizuri, kama mgeni. Nimeapa mbele ya Mungu: siasa basi. Niliapa saa moja asubuhi.

Saa nne Bi. Joan kanipigia. Birika na Shoka wameungana. Viongozi walikula chakula cha mchana jana hotelini Nakuru wakagundua hawajawahi kutofautiana. Chama ni kipya, jina jipya, kwa hiyo usajili wote wa zamani umefutwa. Watu wangu wote wako huru, nami sikumdhuru mtu! Anataka wapya mia tano kufikia Jumatatu. Nikauliza kuhusu Ngigi. Amekataa, anasema ametosheka na kuuza dawa ya kupe. Uwanja wote ni wangu.

Nimelitafakari kwa unyenyekevu. Kosa langu nimelielewa. Lilikuwa kunakili bila kusoma.

Chama cha akina mama wa kanisa kina daftari safi sana, vitambulisho vyote, na Wamaitha ndiye mwandishi wake. Liko hapa juu ya kabati. Safari hii nimeanza kwa kutafuta jina lake, na nimelikata kwa rula.