Kifurushi cha Mama Akello Kilichotoa Watu Jengo Zima

Wapendwa, leo aibu imenikuta Nakasero, hapa Kampala, mchana kweupe, mbele ya jengo zima na walinzi wake. Nimeoga mara mbili na bado naisikia mwilini.

Kwa wasiojua: mimi na mke wangu Imelda tunasafiri wiki ijayo. Bangkok, Kuala Lumpur, Singapore. Wiki nzima! Hatujawahi kwenda mbali hivyo. Mimi nimezoea kuvuka mpaka wa Busia tu kwenda kwetu Bungoma, Kenya, na hata Busia huwa natokwa jasho. Imelda ndiye aliyeitaka safari hii, na yeye analala usingizi wake vizuri. Mimi nakaa sebuleni naangalia video za watu waliokamatwa viwanja vya ndege. Nikimaliza moja, simu inaniletea nyingine, kana kwamba inanijua.

Sasa asubuhi natoka nyumbani Makindye kwenda kwa wakala wetu wa safari, tumalize mipango. Getini nakutana na jirani, Mama Akello, mke wa afande mstaafu kutoka Gulu. Mama mpole sana. Imelda alipolazwa, ndiye aliyetupikia. Akanishika mkono.

"Barasa, nasikia nyinyi nakwenda mpaka Malaysia. Akello yangu iko huko, amezaa. Mpelekee hii."

Akanipa kifurushi. Ukubwa wa nusu mkate, kizito, kimefungwa gazeti, na juu ya gazeti selotepu imezungushwa pande zote kama ya kuzuia kitu kisitoroke.

"Ni nini, Mama?"

"Kitu ya mtoto."

Hapo ningesema neno moja tu: tufungue. Sikusema. (Mtu aliyekupikia wiki nzima, unamwambiaje afungue?) Nikakitia kwenye mkoba, nikapanda boda.

Mlangoni mwa lile jengo mlinzi akakagua mkoba. Akakitoa kifurushi, akakibonyeza.

"Hii nini, sebo?" (Sebo ni bwana, kwa Kiganda.)

"Kitu ya mtoto," nikajibu kama kasuku. Akaniruhusu kupita.

Wakala wetu anaitwa Nalule. Anaongea haraka na anaijua kazi yake. Alikuwa ametandaza ramani mezani na pasi zetu juu yake. Bangkok tutatua tupumzike, na hekaluni Imelda afunike mabega. Kuala Lumpur tutalala siku mbili. "Mvua ya huko, sebo, haibishi hodi." Halafu Singapore. "Singapole usiingie na chingamu. Wale watu hawataki." Nikacheka. Nikaanza hata kuipenda hii safari.

Kisha akavua miwani.

"Na kitu moja, sebo. Usibebe mzigo ya mtu. Hata ya ndugu yako. Wakikuta dawa ya kulevya, huko wananyonga."

"Wananyonga vipi?" (Sijui nilitaka aina gani.)

"Na kamba, sebo."

Mkoba ulikuwa miguuni pangu. Naapa niliusikia unapata joto. Nikaona chumba cha kuhojiwa, nikamwona Imelda analia kwa lugha ambayo hakuna anayeielewa. Nikaomba kwenda chooni.

Chooni nikakitoa. Mama yangu! Asubuhi kilikuwa kigumu kama jiwe, sasa kimelegea. Kinabonyea. Kidole kikatoka na mafuta ya manjano yenye harufu kama ya moshi. Nikasema basi, hizi ni kemikali. Nimekwisha, na hata ndege sijaipanda. Kukitupa kwenye pipa la nje nikaogopa kamera. Nikakisukuma nyuma ya tangi la maji la choo, nikanawa mikono mpaka kwenye viwiko, nikarudi kuketi.

"Tuendelee," nikasema. Sauti iliyotoka ilikuwa ya msichana wa kwaya.

Hatukuendelea. Mfanya usafi alipiga kelele kule koridoni: kuna kitu kimefungwa, kimefichwa, kinatoa maji! Halafu mtu mwingine akasema lile neno. Bomu.

Jamani, katika mji huu neno hilo halichezewi. Viti vilianguka. Watu walishuka ngazi kama maji. Na mimi, mwenye kifurushi, niliyekificha kwa mikono yangu, nilikimbia mbele yao! Nilimpita mzee mwenye mkongojo. Kwa sababu kwenye ngazi wazo lilinijia: na kama Mama Akello kweli...? (Ndiyo. Nilimshuku ugaidi mama aliyetupikia. Nihukumuni.)

Tulisimama ng'ambo ya barabara. Nalule alikuwa na kiatu kimoja, pasi zetu amezikumbatia kifuani. Mama mmoja wa ofisi ya juu alikuwa kwenye simu, anaongea na watoto wake huku analia. Nikataka kusema. Nikajisogeza nyuma ya Nalule. Polisi wakafika, wengine wakapanda juu na vifaa vyao. Afande mmoja mrefu akabaki nasi.

"Nani aliingia choo ya wanaume?"

Mimi nikaangalia mawingu.

"Afande!" Alikuwa mlinzi wa mlangoni. "Hiyo kitu mimi niliona asubuhi. Ni ya huyu mnene."

Barabara yote iligeuka.

"Ni yako?"

"Ni ya mtoto," nikasema.

"Mtoto iko wapi?"

"Malaysia."

(Yasome tena mazungumzo hayo polepole, kisha ufikirie uso wa afande.)

Nikaketishwa chini, ukingoni mwa barabara, na shati langu jeupe. Afande akaniamuru nimpigie mwenye mzigo, spika wazi, kila mtu asikie.

"Mama Akello, ile kitu... ni nini hasa?"

"Si mafuta ya yaa, ya mbegu ya ile mti ya kwetu! Dada yangu alituma kutoka Gulu. Ya kupaka mjukuu, ngozi yake inakauka. Kwani imeyeyuka? Wewe ungeniuliza tu, mimi ningekufungulia."

Afande akainama kwenye simu, akamsalimu kwa Kiacholi. Wakaongea. Mara polisi mwenzake akatoka mlangoni ameshika kifurushi kimechanwa, kinachuruzika. Afande akanusa. Uso ukalainika. Akachovya kidole, akajipaka kwenye vifundo vya mkono.

"Mama yangu alikuwa ananipaka hii," akasema. Halafu akakumbuka yuko kazini. "Simama! Omba hawa watu msamaha. Kwa sauti."

Nikasimama, mwanamume mzima, mafuta kwenye suruali. "Munsonyiwe!" nikapaza sauti. Nisameheni! Kwa Kiswahili pia, na kwa Kiingereza, nisimwache mtu.

Kijana wa boda akauliza, "Sebo, yaani umekimbia mafuta ya mtoto?"

Basi. Walicheka mpaka mlinzi akakaa chini. Ila yule mama wa simu hakucheka. Alinisogelea akasema taratibu, "Mimi nimeaga watoto wangu, sebo." Nikamwomba msamaha tena, yeye peke yake.

Afande alinionya vikali, akanirudishia kifurushi na kuniachia. Nalule alinirudishia pasi kwa vidole viwili, kama anashika panya.

Jioni nikaenda kwa Mama Akello na mabaki ya kile kifurushi, nikamweleza yote, hata lile la kwenye ngazi.

"Uliogopa mimi?"

"Niliogopa kila kitu, Mama."

Akacheka kwa huruma. Akayakwangua mafuta mbele ya macho yangu, akayatia kwenye kopo safi lenye mfuniko. Nalule amesema kwa simu yaende kwenye sanduku kubwa, na wakiuliza tuseme ni nini. Tutayapeleka. Imelda bado yuko sakafuni chumbani, anacheka, amepoteza pumzi.

Niliyojifunza: uliza kwanza, kimbia baadaye. Na ninyi mnaosoma hapa, nawasihi, msicheke. Atakayecheka asiniagize hata soksi kutoka Bangkok.