Mama Mkwe wa Sura ya Tisa Afufuliwe

Ndugu Mhariri,

Huna haya! Mtu mzima na akili zako unamletea mjukuu wangu maiti nyumbani, halafu chini unaandika "nisalimie bibi". Salamu nimezipata, sasa pokea zangu. Shule niliishia darasa la pili, lakini hasira haidai cheti.

Huyu binti anakusahihishia riwaya hapa sebuleni kwangu, maana ofisi hukumpa. Kila sentensi huisoma kwa sauti, eti sikio hunasa kosa lililolikwepa jicho. Vizuri. Na kuta zetu je? Ukipiga chafya huku, jirani wa pili anakwambia pole. Kwa hiyo nalalamika:

1. Jumatatu alikupigia simu akiwa dirishani: "Mama mkwe tumemuua mapema mno. Tumwache mpaka sura ya tisa, ndipo tumtilie sumu." Jirani yetu, fundi cherehani, alikuwa anaanika nguo. Alizianua zikichuruzika.

2. Kesho yake akakuuliza maiti iko wapi hasa, maana katika sura ya kumi iko kisimani, katika ya kumi na moja iko uvunguni. Mimi mwenyewe niliinama nikachungulia kitanda changu. Kiuno hakijanyooka mpaka leo.

3. Hili ndilo linaloniua. Jana alikuja mama wa mchumba wake kupanga siku ya harusi. Binti nilimfungia chumbani amalize kazi yako. Mgeni hajaigusa chai, tukasikia: "Sumu kwenye chai imezoeleka. Mama mkwe huyu anastahili kitu kipya!" Mama wa watu alitoka mbio, hata kuaga hakuaga. Mwanawe sasa hapokei simu.

Basi naagiza kwa heshima: mama mkwe afufuliwe. Aamke, apatane na mke wa mwanawe, wapike pamoja, wanenepe. Kama lazima mtu afe, afe mwandishi. Yeye ndiye aliyeanza.

Wasalimie wapiga chapa wote, na mfagizi wa ofisi yako, na mkeo, ambaye namwonea huruma.

Ni mimi,
Bibi wa msahihishaji wako

N.B. Sijafunga bahasha, mama wa mchumba huyo karudi, tena na dada zake wawili! Mwanawe kamwambia ni riwaya tu, naye hakulala: anataka kujua nani katia sumu. Binti katusomea sura zilizopo, na yeye anamshuku mpishi wa humo. Mimi nasema ni shemeji, na tumeshagombana. Harusi, kasema, haipangwi mpaka mwisho usomwe. Kwa hiyo ole wako umfufue mtu! Mama mkwe afe, tena afe vizuri, na sura zilizobaki uzilete leo hii kwa mkono wako mwenyewe.