Siku Butembo Ilipokufa kwa Ruhusa

Wakaaji wote wa mji wa Butembo, wakubwa kwa wadogo, walitangaziwa kwa heshima kuu, kwa redio na kwa kipaza sauti kilichozungushwa mitaani juu ya gari la Mouvement, chama cha waasi, kwamba vita si sababu ya mtu kunyimwa haki yake ya kukasirika. Kwa hiyo Mouvement, ambayo ilikuwa ikitawala Beni na Butembo tangu ilipoachana na serikali ya Kinshasa, ilikuwa imefungua Bureau ya Utulivu na Maandamano ya Hiari. Aliyetaka kuandamana kwa hiari yake mwenyewe alitakiwa kuomba ruhusa siku ishirini na moja kabla, kwa fomu ya nakala nne, akieleza sababu ya hasira yake, ukubwa wake, na saa itakapokwisha.

Ilikuwa huduma ya maana sana. Inasemekana hata Ulaya hawana.

Agar Kahongya ndiye aliyekuwa dactylo wa bureau hiyo, mwenye kupiga barua zote kwa mashine. Tangu ifunguliwe alikuwa hajapiga hata ruhusa moja. Si kwamba maombi yalikataliwa, la hasha. Mkubwa wake, Chef Paulin, aliyachunguza kwa uangalifu wa hali ya juu, na uangalifu huo ulichukua muda mpaka siku ya maandamano ikapita, na hapo ombi likawekwa kwenye kabati pamoja na wenzake.

Watu kumi na mmoja hawakuwa na subira ya kungoja uangalifu. Walikata matawi, wakatoka kanisani mguu kwa mguu mpaka barrière, kizuizi cha barabara ya Musienene, wakawaomba askari kwa adabu waache kuchota maharage katika vikapu vya wamama wanaokwenda sokoni. Hawakukamatwa kwa kuandamana, maana kuandamana ni haki. Walikamatwa kwa kosa la kutembea wengi kuelekea upande mmoja. Wakatiwa katika cachot, chumba cha kufungia watu nyuma ya bureau, na jina la kwanza kwenye registre, daftari la wafungwa, lilikuwa la mwalimu mmoja, Nzanzu.

Nzanzu alikuwa kaka yake Agar, tumbo moja, ziwa moja. Chef Paulin hakujua. Alikuwa mtu wa kutoka mbali, msomi wa administration, na alikuwa amechukua hatua zote: alilinganisha majina ya wafungwa na majina ya wafanyakazi wake, akakuta hakuna Kahongya kati ya wale kumi na mmoja, akafunga faili akiwa ameridhika. Hakuna aliyemweleza kwamba kwa Wanande, wenyeji wa Butembo, kila mtoto ana jina lake, na nyumba yenye watoto wanane ina majina manane. Agar naye hakuulizwa, na mfanyakazi mzuri wa ofisi hujibu alichoulizwa.

Jumatatu habari ikaenea sokoni na makanisani, kwa Wakatoliki na kwa Waprotestanti, bila kipaza sauti: Alhamisi ni ville morte, mpaka wale kumi na mmoja waachiliwe. Maana yake kila mtu akae kwake. Hakuna duka, hakuna pikipiki, hakuna chukudu, ile baiskeli ya mbao ya mizigo, hata moja barabarani. Ni maandamano ya kukaa, na yalikuwa yamewasumbua sana askari wa Mouvement, ambao walifundishwa la kumfanya mtu anayetembea lakini si la kumfanya mtu aliyeketi mlangoni pake anamenya viazi.

Siku hiyohiyo fonia, redio ya mawasiliano, ilileta ujumbe kutoka Beni, na Agar akaupiga kwa mashine kwa mikono yake mwenyewe. Inspecteur Abdias angefika Alhamisi kukagua utii wa wananchi. Ijumaa angerudi Beni na wale kumi na mmoja ndani ya kamyo lake, yaani lori. Waliopelekwa Beni waliwekwa katika shimo la kambi. Wengine walirudi baada ya miezi. Wengine nguo zao tu ndizo zilizorudi. Agar alimaliza kupiga, akatoa karatasi, akaomba ruhusa ya kwenda nje, na huko nyuma ya ukuta akalia akiwa amejifunga mdomo kwa kitenge.

Chef Paulin naye hakulala. Inspecteur angekuta mji umefungwa kwa amri ya wauza maharage, na angeuliza Butembo inatawaliwa na nani. Jumanne asubuhi aliingia bureau akiwa na uso wa mtu aliyefunuliwa jambo.

“Agar, tia karatasi mu machine. Siku ya ine, hiyo Alhamisi, mji itakufa.”

“Si njo batu banasema, chef?”

“Bo banasema. Mimi naamuru. Iko différence.”

Na ilikuwepo kweli. Kama mji umeshaamua kusimama, basi ni heri usimame kwa amri. Hapo aliyebaki nyumbani hapingi tena, anatii, na mji mzima utakuwa umetii kwa mara ya kwanza tangu Mouvement iingie. Mawazo ya namna hii hayaji kwa watu wa kawaida, ndiyo maana wengine ni wakubwa na wengine wanamenya viazi.

Akaanza kusoma décision, yaani amri yenyewe, kwa sauti huku akitembea dirishani na mlangoni. Kifungu cha kwanza kilitangaza Alhamisi kuwa Siku ya Mji Kufa kwa Ruhusa. Cha pili kilisema kila service, yaani kila idara, itasimamisha kazi, na kila mtu aliyemo katika service hiyo atabaki kwake nyumbani.

“Hata askari ya barrière, chef?” Agar akauliza.

“Hata bo, babakie mu camp. Inspecteur atapita bila kusimamishwa. Atafurahi.”

“Na hôpital?”

Chef akasimama. “Hôpital hapana. Batu basikufe ya kweli.”

Agar akapiga hilo. Kisha akauliza, macho yake kwenye mashine, “Na cachot, chef? Cachot nayo iko service?”

Chef Paulin alichukizwa. Katika bureau nzima, cachot ndiyo iliyokuwa ikifanya kazi kila siku bila kukosa, mvua au jua.

“Juu ya nini isikuwe service? Iko na registre, iko na cachet ya muhuri, iko na gardien. Njo service ya kwanza hapa.”

“Donc niitie?”

“Itie. Tena itie mbele.”

Agar akaitia, vidole viwili, mbio, kabla fikira haijamfikia Chef. Fikira haikufika. Ilikuwa kwenye kifungu cha tatu: atakayeonekana anafanya kazi siku hiyo, awe nani, atafungwa saa arobaini na nane mara tu services zitakapofunguliwa. Chef akasaini, akapiga muhuri mara mbili kwa furaha.

Nakala ya cachot ilikuwa haki ya gardien, mlinzi wake, na Agar akaipeleka. Gardien aliitwa Ésaïe, shemasi katika kanisa lake, mtu aliyeziheshimu karatasi zote zenye muhuri kama alivyoheshimu Maandiko. Aliisoma polepole, kidole kikifuata mstari.

“‘Kila mutu mwenye kuwa ndani ya service,’” akarudia. “Donc mimi nitabakia kwangu.”

“Njo vile, papa.”

“Na hawa kumi na moja?”

Agar akainyosha kona ya karatasi. 

“Sababu bo njo beko ndani kabisa,” Ésaïe akaendelea, kwa uzito. “Na banatumika kuliko mimi. Asubui banachota maji ya kwa chef, banapasula kuni za kwa chef, banafagia. Kama siku ya ine banachota maji, kifungu ya tatu itabakamata, itabatia mu cachot. Na beko mu cachot. Nitabatia mu gani tena?”

Agar alimtazama sana usoni, atafute kama kuna kicheko kimejificha mahali. Hakukiona. Mpaka leo hajui.

Jumatano magharibi, kazi ilipokwisha, Ésaïe alifungua mlango wa cachot, akawasomea wafungwa décision tangu kichwa mpaka muhuri, akawaagiza kila mmoja abaki kwake kama mkubwa alivyoamuru, na kwamba wakihitajiwa tena wataitwa kwa barua. Wakamshukuru, wasingya, wasingya, wakaenda zao. Yeye akafagia ndani mwenyewe, maana wafagiaji walikuwa wameondoka.

Alhamisi Butembo ilikufa vizuri ajabu. Kamba ya barrière ililala chini barabarani. Machukudu yaliegemezwa kutani. Inspecteur Abdias aliingia na kamyo lake toka Beni, akapita mtaa kwa mtaa, na kila mlango aliouona ulikuwa na watu wameketi kimya, wanatii. Huko kwao Beni hata kwa kiboko hawakuwahi kupata utii wa kiasi hicho. Akaita kwa fonia pale pale, akausifu mpango ule kwa wakubwa, akaomba kwa jina lake uletwe Beni pia.

Mtu mmoja tu katika mji mzima alikuwa kazini.

Chef Paulin aliamka akakuta pipa lake halina maji. Akaenda cachot kugomba, akakuta mlango wazi na sakafu safi. Ésaïe alikuwa kwake, anasoma Zaburi, na alikataa kabisa kusimama. Askari walikuwa kambini kwa amri, na aliyeandika amri hiyo hakuwa mwingine ila yeye. Basi Chef akachukua mfuko wake wenye muhuri, akaanza kuzunguka kwa miguu nyumba kwa nyumba kuwatafuta watu kumi na mmoja, jasho likimtoka, na kila mlango aliopita watu walimwamkia kwa heshima: “Bon travail, chef. Kazi muzuri.”

Kwa Nzanzu alimkuta mama yake, Marie-Jeanne, ambaye kila mchana wa siku zile alikuwa amebeba chakula mpaka cachot. Nzanzu alikuwa anakula, amekonda, anakohoa, lakini anakula. Agar alikuwa ameketi kando yake. Chef alimwona, akamtazama, akamtazama Nzanzu, na ile pua moja katika nyuso mbili ikamfikia kwa kuchelewa.

“Karibu, chef,” Marie-Jeanne akasema. “Kaa. Leo ni siku yako.”

“Simama,” Chef akamwambia Nzanzu. “Rudi mu cachot.”

“Nirudi leo, chef, nitakuwa kazini,” Nzanzu akajibu kwa upole. “Mimi naheshimu décision.”

Chef akatoa muhuri mfukoni. Nje, kamyo la Inspecteur lilikuwa likipita taratibu, na Inspecteur mwenyewe, aliyekuwa ametoa kichwa dirishani kufurahia utii, akamwona mlangoni mtu mmoja amesimama, amebeba mfuko wa ofisi, ameshika muhuri.

Ijumaa saa moja na nusu services zilifunguliwa. Inspecteur alitaka Beni waone kwamba Butembo kuna sheria na sheria haichagui uso.

“Nilikuwa natafuta bafungwa,” Chef Paulin akajitetea.

“Donc ulikuwa unatumika kazi,” Inspecteur akasema, na Ésaïe akaandika jina la Chef kwenye registre, namba kumi na mbili.

Hapo ndipo Inspecteur alipoomba watu wa kamyo lake. Registre ilisema kumi na wawili. Cachot ilikuwa na mmoja, naye alikuwa ameshika nondo za kidirisha.

“Bengine beko wapi?”

“Kwabo,” Ésaïe akasema. “Hapana barua ya kubaita.”

Inspecteur akaivuta registre. Alikuwa mtu wa hesabu za haraka. Kama wale wametoroka, wametorokea katika décision, na décision ni ile aliyoisifu kwa fonia kwa jina lake. Chef Paulin naye alikuwa amefika hapo hapo kwa njia yake. Wakatazamana kupitia kidirisha, wakubwa wawili, kila mmoja akitafuta shimo la Beni machoni mwa mwenziwe.

Ndipo Agar alipokohoa kwenye meza ya mashine. 

“Bakubwa,” akasema, “ao baliachiliwa siku ya tatu, magaribi? Karatasi tu njo ilichelewa.”

Ilikuwa wazo la kiutawala kabisa. Akapiga barua za kuachiliwa, moja moja, kwa mpangilio wa registre, na Ésaïe akazipeleka kidirishani pamoja na wino. Kulikuwa na nafasi ya sababu, na sababu ilihitajika.

“Nitie nini?” Chef akauliza.

“Hapana kosa,” Inspecteur akasema haraka. “Kama iko kosa, juu ya nini ulibaachilia?”

Kwa hiyo Chef Paulin akaandika kwamba Nzanzu hakuonekana na kosa lolote, akasaini nakala nne, akapiga muhuri. Akaandika hivyo hivyo mara kumi na moja. Agar aliishika ile barua ya kwanza mpaka wino ukakauka, akaisoma tena, kisha mara ya tatu.

Ya kumi na mbili, yenye jina lake mwenyewe, Chef aliisaini bila kuisoma. “Tia sababu sawa na ya bale.”

Ésaïe alitikisa kichwa kwa huzuni ya kweli. “Chef, bale hapana kosa. Wewe mwenyewe ulisaini. Lakini wewe uko nayo. Kifungu ya tatu.”

Inspecteur alikubali kwamba hoja haina pa kuvunjikia, akapanda kamyo lake tupu, akaenda Beni. Marie-Jeanne alipopata habari alituma sahani ya bugali na sombe, majani ya muhogo, kwa mfungwa, maana mtu ni mtu.

Mchana ule ule Nzanzu aliamka akavaa viatu. Mama yake hakumzuia. Alimwuliza tu kama amekunywa dawa ya kifua. Askari walikuwa wamerudi kwenye barrière tangu asubuhi, na wamama wa Musienene walikuwa wameanza tena kuchotewa maharage yao. Wale kumi na mmoja wakakutana kanisani na matawi, wakakuta wenyeji wengine wamewatangulia, na mafundi, na wachukuzi wa chukudu, na wamama wenyewe na vikapu vyao.

Agar alifunika mashine yake, akapita kwenye kidirisha cha cachot. “Chef, naenda pause, kupumzika,” akasema, akavuka barabara, akashika tawi.

Chef Paulin alisikia nyayo kabla ya kusikia nyimbo. Zilipita, zikaendelea kupita. Akamwita gardien wake.

“Ésaïe. Beko bangapi?”

Ésaïe alisimama langoni, kalamu mkononi, akaangalia upande barabara inakotoka, akaangalia upande inakoelekea. Kisha akaifunga registre, akaiweka chini ya kiti.

“Chef,” akasema, “hii kitabu haitatosha.”