Njia ya Bibi, Nusu Saa

Jumatatu, tarehe 4 Agosti

Siku njema! Mkurugenzi wa bustani na matembezi amenisifu mbele ya ofisi nzima. Vibao vyangu vimesimama kila njia ya mlimani inapoanzia, rangi ya kijani, maandishi meupe, na watu wa mji huu sasa wanajua pa kuwapeleka watoto siku za mapumziko badala ya kuwafungia ndani na televisheni. Njia ya Vipepeo. Njia ya Maporomoko. Na kipenzi changu, Njia ya Bibi: "Matembezi mepesi kwa familia nzima. Nusu saa. Hata bibi ataifurahia."

Mwenzangu wa meza ya pili, ambaye tunamwita Mluzi kwa sababu hupiga mluzi tangu anapoingia hadi anapotoka, akaniuliza kama njia hizo nimezitembea. Wivu! Nikamweleza kwa upole kwamba mwenye akili hachoshi miguu. Ramani kubwa ipo ukutani. Unachukua uzi, unaulaza juu ya njia, unaukata, unaupima kwa rula. Kazi yote niliimaliza kabla chai haijapoa. Akapiga mluzi.

Kisha Mkurugenzi akatangaza kwamba Jumamosi familia za mji zitaalikwa kwenye Njia ya Bibi. Yeye atakuwepo na mama yake mzazi, na mimi nitakuwa mbele. Mambo yakienda vizuri, nitakuwa mkuu wa kitengo cha matembezi. Yakienda vibaya, Idara ya Makaburi ina nafasi wazi. Alicheka aliposema hivyo. Hakucheka sana.

Jumanne, tarehe 5 Agosti

Nimeomba ruhusa kwa sababu ya jino. Jino ni zima. Nilitaka tu kuionja njia kidogo, nijue pa kusimama na kunyoosha mkono wageni watazame mandhari.

Mwanzo mzuri kabisa. Maua, ndege, kijito. Nikajipongeza. Baada ya kona, mlima ukasimama. Sijui nieleze vipi. Njia haikuwa inakwenda mbele tena, ilikuwa inakwenda juu. Kisha mwamba, na kwenye mwamba ngazi ya chuma imepigiliwa wima, na kule kileleni mbuzi ananitazama bila heshima. Nikapanda vidato vichache. Nikatazama chini. Kosa! Nimeshuka kwa makalio.

Ramani ya ukutani ni bapa. Mlima si bapa. Kwa nini hakuna aliyeniambia?

Mke wangu ameuliza suruali imepatwa na nini. Nikamwambia niliangusha kalamu chini ya meza. Akasema njia ya mwongo ni fupi. Laiti na hii ya kwangu ingekuwa fupi!

Jumatano, tarehe 6 Agosti

Balaa halina hodi. Mama mkwe ameshuka kwa basi la mchana, amekuja kuwaona wajukuu. Ana goti ambalo kila tukimpigia simu tunaanza kulisalimia hilo kwanza. Na mimi, kwa ulimi wangu huu usio na mfupa, nilishamwambia zamani kwamba njia moja ya mlimani nimeitengeneza kwa heshima yake. Leo akataka kuiona. Nikampeleka dirishani jikoni, nikamwonyesha: pale nyuma ya bembea, palipo na ule mti mpana, ndipo inapoanzia. Machozi yakamlengalenga. Akasema ana wakwe wengine lakini hakuna aliyewahi kumkumbuka kwa njia. Jumamosi atakwenda na wanangu wawili. Amenunua na raba mpya.

Nikarudi ofisini roho mkononi. Lazima watu waogope kwenda. Nikamnong'oneza mlinzi wa getini kwamba Njia ya Bibi ina nyuki wakali, ila ni siri, asimwambie mtu yeyote. Ukitaka jambo lienee, ndivyo linavyotumwa.

Jioni. Nyuki wamekuwa chui.

Alhamisi, tarehe 7 Agosti

Chui ana watoto. Watoto wake wanacheza na binadamu. Mji mzima unataka kuja! Kina mama waliokuwa wanasema mlima una baridi sasa wanauliza kama mtoto wa mgongoni anaruhusiwa. Mkurugenzi ana furaha isiyo kifani, tena ameomba askari wa wanyamapori aje na bunduki, kwa tahadhari. Nimemwambia chui hayupo. Amenipiga bega na kusema mtu mnyenyekevu kama mimi ni nadra.

Mke wangu ananiuliza kwa nini sili. Jino, nikamwambia. Akaniuliza lipi. Nikaonyesha. Akasema jana nilionyesha upande wa pili.

Lakini nimepata dawa! Kama watu hawawezi kuondolewa njiani, njia itaondolewa kwa watu. Chini ya mlima kuna bwawa la mashua za kukanyaga, na punda wa kupandwa na watoto, na njia ya kulizunguka ambayo hata gurudumu la baiskeli ya mtoto halikwami. Bapa! Bapa kama ramani! Mkurugenzi kibao amekiona kwenye picha tu, na picha inaonyesha kibao na majani. Majani yapo kila mahali.

Ijumaa, tarehe 8 Agosti

Alfajiri. Toroli, sururu, kibao. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba vibao vyangu ni vizito hivi. Nimekichimbua chini ya ule mti mpana, nikafukia shimo, nikakikokota hadi bwawani, nikakisimamisha. Kimependeza kuliko mwanzo. Kwenye lango kuu la bustani nikapigilia mshale: Njia ya Bibi, kushoto. Sasa mji mzima utakwenda kushoto.

Nilikuwa nashindilia udongo niliposikia mluzi. Mluzi mwenyewe, amevaa kaptula, anakimbia mazoezi kuzunguka bwawa. Akalitazama toroli. Akakitazama kibao. Akanitazama mimi. Akaendelea kukimbia.

Mchana kutwa tumekaa tumetazamana. Saa za kutoka, Mkurugenzi akamwita Mluzi ndani na mlango ukafungwa. Nimekwisha. Nimefunga kikombe changu na rula kwenye mfuko. Sijui huko Makaburi mtu huenda na kikombe chake au wanatoa.

Jumamosi, tarehe 9 Agosti

Niandike polepole.

Mimi na mke wangu tulitangulia bwawani kupanga wageni. Familia zikafurika: vigari vya watoto, mabibi wenye mikongojo, chupa za chai. Mkurugenzi akaja na mama yake mwenye mwavuli. Askari akaja na bunduki. Watoto wangu hawakuja. Mama mkwe hakuja. Nikamuuliza mke wangu wako wapi. Akashangaa. Akasema mama aliondoka nyumbani kabla yetu, akakataa kusindikizwa, akasema njia anaijua, nilimwonyesha mwenyewe dirishani.

Dirishani! Nilihamisha kibao kwa mji mzima, nikamsahau mtu mmoja asiyehitaji kibao.

Nilikimbia. Sijapata kukimbia hivyo tangu nizaliwe. Nikaliona akilini lile goti. Nikamwona mwanangu mdogo, ambaye hawezi kupita mbele ya kabati bila kulipanda. Nikasema moyoni: Makaburi nipelekeni, hata leo, nitafagia, lakini hao watatu nirudishiwe. Sikuwa nafanya mzaha. Nililia nikikimbia, na mtu mzima akilia huku anakimbia kwenye mlima hapati hewa.

Chini ya ngazi kulikuwa na kiatu. Kidogo. Kimoja.

Wahenga wanasema aliye juu mngoje chini. Sikungoja. Nikafumba macho, nikashika chuma, nikapanda nikiwaita kwa majina yao yote, hata yale ya kuwabembeleza walipokuwa wachanga. Chuma kikaisha. Nikapapasa. Nikashika pembe ya mbuzi.

Nikafumbua macho. Mama mkwe ameketi juu ya jiwe, raba amezivua, upepo unampepea. Wanangu wanamlisha mbuzi viazi vya kuchemsha. Mama mkwe akaniuliza mbona nimechelewa, akasema njia ni nzuri ila nusu saa si kweli, na tangu lini mtu anaandika "mepesi" kwenye kitu chenye ngazi. Kile kiatu mwanangu mdogo alikitupa mwenyewe aone kitafika lini.

Nikawakumbatia wote. Alhamdulillahi, alhamdulillahi, sikuwa na neno jingine. Nadhani nilimkumbatia na mbuzi. Mji wote ulikuwa chini yetu, mapaa, bustani, bwawa na mashua zake, na kwa dakika moja nikaona kwa nini watu hupanda huku. Kisha nikakumbuka nipo juu.

Kushuka nikashindwa. Miguu ikakataa katakata. Mama mkwe akanifunga mtandio wake kiunoni, akatangulia chini, akawa ananishika kisigino na kukiweka kidato baada ya kidato. Wanangu, wakishuka juu yangu, wakawa wananielekeza huu ni wa kushoto, huu ni wa kulia, na kucheka mpaka mwamba unajibu. Nilipogusa udongo nikakuta mke wangu, askari, Mkurugenzi na nusu ya mji. Mke wangu alinishika shati kwa mikono miwili, akalitikisa, asijue anigombeze au anishukuru. Mama mkwe akawaambia kwamba mkwe wake anaogopa urefu hadi anafumba macho, na bado alipanda kumfuata. Wakapiga makofi! Na lililo la ajabu, alilosema lilikuwa kweli.

Mkurugenzi akanipa mkono. Akasema jana Mluzi alimweleza yote: kwamba vibarua walikosea mahali pa kusimika kibao, nami nikaamka alfajiri kukihamisha kwa mikono yangu. Akasema mama yake yupo kwenye mashua ya kukanyaga, hataki kushuka. Mimi ni mkuu wa kitengo!

Nikamvuta Mluzi pembeni, nikamuuliza kwa nini ameniokoa. Akasema hakuniokoa mimi. Nafasi ya Makaburi ameiomba miaka mingi: kimya, kivuli, hakuna anayelalamika kuhusu mluzi. Hakuwa tayari kuona naipata mimi kwa uzembe. Mkurugenzi amemkubalia jana ileile.

Jumapili, tarehe 10 Agosti

Nimelala hadi jua likapanda. Nimeamka mwepesi. Wanangu wanagombana sebuleni, na hakuna sauti tamu kuliko hiyo.

Nimekiri kwa mke wangu kila kitu, uzi, nyuki, jino. Alikuwa anajua yote isipokuwa uzi. Mama mkwe akaniweka chini akaniapisha, mikono yangu juu ya vichwa vya wanangu: sitaandika tena njia yoyote ya mlimani ambayo mguu wangu haujaikanyaga. Nikaapa kwa moyo wote. Nikamuuliza na goti je? Akasema goti lile humuuma akikaa.

Jumatatu, tarehe 11 Agosti

Kiti kipya. Kinazunguka!

Mkurugenzi anataka vibao vya familia kwa mapango ya upande wa pili, kabla ya wiki kwisha. Nikafikiri juu ya kiapo changu, maana mimi si mtu wa kuvunja kiapo. Niliapa kuhusu njia ya mlimani. Pango si njia. Na tena kilichoniponza safari ile ni kupanda, na pango halipandi, pango linaingia tu. Hatari iko wapi? Humo ndani ni giza, kwa hiyo hata mandhari hakuna ya kukosea.

Kwa hiyo nimeandika: "Pango la Familia. Ubaridi mwanana, giza tulivu. Panafaa kwa watoto wachanga." Nimempelekea mchora vibao kabla ya chakula cha mchana.

Mama mkwe amesikia habari. Ameahirisha safari ya kurudi kwake, na sasa hivi yupo mlangoni na wajukuu, anauliza kama wabebe tochi. Nimemwambia hakuna haja.