Mafla Mpya ya Gari la Mafunzo

Jumatatu, 3 Machi
Mama Mkuu, mwenye chuo chetu cha udereva, ametangaza kwamba Ijumaa atateua mwalimu mkuu. Tuko wawili tu: mimi na Bwana Taratibu, ambaye sijui kama amewahi kuvuka gia ya tatu. Kipimo ni kumpandisha mwanafunzi mlima wa nyuma ya chuo. Gari langu huupanda likihema. Dawa nimeipata: mafla, lile kopo la bomba la moshi linalozima kelele. Ya kiwandani inaibana injini pumzi. Nikifunga pana, nguvu hizo hapo.

Jumanne, 4 Machi
Fundi kanikatisha tamaa. Eti kwa injini ndogo, mafla peke yake itaongeza sauti. Nguvu ni kiduchu, tena kwenye mwendo wa kasi tu. Mlimani gari laweza kuwa zito kuliko mwanzo. Nikamwambia afunge, asinihubirie. Lilivyonguruma! Mke wangu akaanua nguo akidhani mvua inakuja. Hiyo ndiyo nguvu.

Jumatano, 5 Machi
Mwanafunzi wangu, nesi mstaafu, hanisikii. Nikisema kulia, anauliza "Eeh?" kisha anakata kushoto. Nimebuni mbinu: nikimgusa bega mara moja, kulia, mara mbili, kushoto. Naye nesi kamgusa polisi wa barabarani kwa bampa, kidogo tu. Anasema miaka thelathini ya wodini hakuwahi kuumwa kichwa namna hii.

Alhamisi, 6 Machi
Bwana Taratibu kaniuliza kwa upole kama bomba langu limepasuka. Nimemjibu asubiri kesho.

Ijumaa, 7 Machi
Mwanafunzi wake alipanda kimyakimya, kama amebeba mayai. Zamu yetu. Mama Mkuu akatufuata kwa miguu, daftari mkononi. Nesi akakanyaga mafuta, madirisha ya darasa yakatetemeka. Kadiri gari lilivyonguruma ndivyo mwendo ulivyopungua. Katikati ya mlima likazimika, likaanza kurudi nyuma. Nikapaza sauti avute breki ya mkono. "Eeh?" Masikio yake yalikuwa bado yanavuma. Nikaivuta mwenyewe. Tulisimama hatua moja kutoka kwenye viatu vya Mama Mkuu. Akaja dirishani, akasema polepole:
"Mwalimu, shuka."
Hilo nesi alilisikia. Akashuka yeye pia.

Jumamosi, 8 Machi
Bwana Taratibu ndiye mwalimu mkuu. Mafla ya zamani imerudishwa. Mimi nimehamishiwa pikipiki ya chuo, nikaambiwa nikae nijifikirie. Nimejifikiria. Mafla haikuwa na kosa. Kosa ni la mlima. Na hii pikipiki nimeichungulia: bomba lake jembamba kama mrija wa soda. Itapumuaje? Nimempitia fundi. Hakutaka kunitazama usoni, lakini vipimo amechukua.